Kayaki ya kukalia juu kwenye maji ya Kigoma: uzoefu wangu

Kilichonifanya niweke pesa yangu kwenye kayaki badala ya mtumbwi ni kitu kimoja: ukiangukia majini, unaigeuza na kupanda tena peke yako, hata kama chini yako kuna mita mia. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji huna namna, unashikilia ubavu wake mpaka wenzako wakufikie, na alfajiri huku Katonga, kwenye Ziwa Tanganyika, wenzako wanaweza kuwa mbali sana. Kayaki ya kukalia juu haina tumbo la kujaa maji. Ni ganda moja la plastiki lililozibwa pande zote, ndani hewa tupu, na pale unapokaa kuna matundu yanayopenya hadi chini. Wimbi likipanda, maji yanashukia humo yenyewe, huhitaji kopo la kuyachotea.

Yangu ni ya mtu mmoja, urefu mita 3 na ushee, upana karibu sentimita 80. Niliipata Dar es Salaam ikiwa imeshatumika, kwa zaidi ya milioni moja na nusu, ikaja Kigoma juu ya lori la mizigo. Ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa hiyo huwa tunaibeba wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma, wala hatuiburuzi kwenye mawe. Tukirudi naigeuza kifudifudi kivulini, maana jua la huku hukausha plastiki mpaka ikapasuka.

Sasa upepo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotezea maisha. Kuanzia Mei hadi Septemba unavuma upepo wa kusi, unaotoka kusini mashariki. Pwani yetu inatazama magharibi. Maana yake ni kwamba upepo huo unatokea nchi kavu, juu ya vilima, unashuka na kwenda ziwani. Ukisimama ufukweni pale Katonga au Jakobsen utaona maji yametulia, hayana hata kunyanzi, kwa sababu vilima vimeukinga upepo. Ukipiga kafi ukatoka nje ya kinga hiyo, unakuta maji meupe, na upepo ule ule unakusukuma kuelekea Kongo. Ziwa lina upana wa wastani wa kilomita 50. Hakuna mkono wa kupiga kafi kilomita hizo kwa kayaki ya kuvulia, na kurudi nyuma dhidi ya upepo kunachosha haraka kuliko mtu anavyodhani akiwa bado na nguvu za asubuhi.

Kwa hiyo sitazami maji ya ufukweni, natazama mbali. Nikiona mstari mweusi au vichwa vyeupe kule nje, nakaa ndani ya ghuba au sitoki kabisa. Nikitoka, naanza kwa kwenda dhidi ya upepo nikiwa bado na nguvu, ili wakati wa kurudi unisaidie. Sipiti umbali ambao naweza kuogelea hadi mawe ya pwani nikiwa na jaketi la kujiokolea. Mzee mmoja wa Katonga, aliyevua tangu ujana wake, aliniambia, “Mwanangu, ziwa hili ni refu, wimbi linalokupiga hapa limeanza safari mbali.” Ni kweli tupu: Tanganyika ina urefu wa kilomita zaidi ya 670, na upepo wa kusi unapata nafasi ndefu ya kukuza mawimbi kabla hayajafika kwetu.

Kupanda tena baada ya kuanguka ni ufundi unaojifunzwa, haumjii mtu siku ya hatari. Nilijifunzia Jakobsen, maji ya kifuani, mchanga chini, rafiki yangu akiwa kando. Kayaki ikiwa imepinduka, unakaa ubavuni, unapitisha mkono juu ya tumbo lake na kushika ukingo wa upande wa pili au kamba iliyofungwa hapo, unavuta kuelekea kwako huku uzito wako ukiusukuma chini upande wa karibu. Inageuka. Kisha unakwenda katikati, pale penye kiti, unashika pande zote mbili, na unapiga miguu mpaka mwili wote ulale juu ya maji. Wengi wanashindwa hapa: wanajaribu kujinyanyua kwa mikono huku miguu inaning'inia chini, na kayaki inawaangukia tena. Miguu ikiwa juu, unaivuta kayaki ipite chini ya tumbo lako, unalala kifudifudi juu yake, unajigeuza, unakaa, ndipo unaingiza miguu. Ukiweza kufanya hivyo mara kadhaa mfululizo bila kuhema sana, nenda kwenye kina. Ukishindwa, baki kifuani.

Kafi nimeifunga kwa kamba fupi, maana ukianguka kafi ndiyo ya kwanza kukimbia. Iliyokuja na kayaki ilikuwa fupi, nikawa nagonga vidole ubavuni kila pigo. Kwa kayaki pana kiasi hiki sentimita 240 ndizo zinazotosha. Na nguvu isitoke mabegani. Kaa wima, kanyaga vizuri sehemu ya miguu, zungusha kiwiliwili, chomeka kafi karibu na vidole vya miguu na uitoe ikifika usawa wa kiuno.

Jaketi la kujiokolea naomba tulizungumze kwa uzito wake. Sokoni yapo mengi ya rangi nzuri ambayo sponji yake inanyonya maji baada ya muda mfupi. Angalia ndani kuna maandishi ya nguvu ya kuelea, yanayopimwa kwa nyutoni. La nyutoni 50 ni jepesi, mikono inakuwa huru kupiga kafi, lakini linamfaa mtu anayejua kuogelea na mwenye fahamu. Halikusudiwi kumgeuza aliyezimia uso ukatazama juu. Kazi hiyo ndiyo iliyokusudiwa kwa yale ya 100 na kuendelea. Mimi navaa la 50 kwa sababu naogelea na siendi mbali. Asiyejua kuogelea asidanganywe na muuzaji. Na kulikalia kama mto, kama wengi wanavyofanya kwenye mitumbwi, hakusaidii kitu: livae, funga vifungo vyote, mtu akuvute mabegani aone kama linapanda hadi masikioni. Likipanda, ni kubwa kwako. Juu yake nimening'iniza filimbi na kisu kidogo, kwa sababu mshipi ukikuzungukia mguuni majini, kisu kilichobaki kwenye begi hakina msaada.

Uvuvi wenyewe ni raha. Pwani ya mawe kati ya Bangwe na Katonga inashuka ghafla, kwa hiyo huna haja ya kwenda mbali kupata kina. Nanga nimeiacha nyumbani. Kwenye ziwa lenye kina cha mita 1,470 pale linapofikia chini kabisa, kamba ya mita 30 hukosa mahali pa kushika ukisogea kidogo tu. Badala yake natumia ndoo ndogo yenye kamba, ninaifunga nyuma na kuiacha iburute majini, ipunguze kasi ya upepo kunisukuma. Isifungwe ubavuni hata mara moja, itakupindua.

Alfajiri, vipe, yaani vyombo vinavyovua dagaa usiku, vinaporudi na taa zao, naburuta chambo bandia kinachong'aa nyuma ya kayaki taratibu, na mgebuka hukidaka. Kwenye mawe namtafuta kuhe, anayehesabiwa kuwa mkubwa kuliko wote katika jamii ya akina sato. Akishika utajua, kayaki nzima inageuza uso kumfuata. Lakini ukiona wawili wakubwa wamezungukwa na wingu la visamaki vidogo, hao ni makinda wao na wazazi wanalinda. Waache. Maji yetu ni maangavu, huwezi kusema hukuwaona.

Leseni niliuliza ofisi ya uvuvi kabla ya kununua hata ndoana, na ninawashauri mfanye hivyo. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, na mvuvi wa kujifurahisha asijione yuko nje ya jambo hilo. Mdomo wa mto Luiche siendi kabisa. Kuna mamba na viboko, na kayaki iko chini mno. Boti za abiria zinazotoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini nazo haziwezi kukuona vizuri ukiwa umekaa usawa wa maji, ndiyo maana nimesimamisha bendera ya rangi ya chungwa nyuma ya kiti.

Kasoro zipo. Kifuniko cha sehemu ya mizigo kinavuja, simu naiweka kwenye mfuko usiopitisha maji na bado naivaa mwilini. Bizimu za kiti zimeshika kutu. Upepo ukiwa wa ubavuni, mbele inajigeuza kuufuata, na kwa kuwa haina usukani unapiga kafi upande mmoja mpaka bega linauma. Anayetaka kuvua kwa ajili ya kuuza sokoni Mwanga asiinunue, samaki wachache tu na imejaa.

Kwa anayevua mwenyewe siku za mapumziko, karibu na mawe, naipa nyota nne. Na kama una ndugu anatoka Dar, mwagize akuletee vizibo viwili vya akiba vya tundu la kutolea maji yaliyoingia ndani ya ganda. Kile kidogo cha nyuma kikipotea hutakipata Kigoma, na bila hicho usiishushe majini.