Waya wa Chaji wa Miwani ya VR: Upi Ununue Ukiwa Mtwara

Kabla hujatoa hela ya waya wa miwani ya VR, ile ya kuvaa usoni kuchezea gemu, hakikisha mwenye kosa ni waya kweli. Mimi nilinunua nyaya mbili ndani ya wiki moja na zote zikazingua vilevile: taa ya chungwa inawaka, nikiiweka miwani mezani inazima. Fundi simu mmoja pale Chikongola akamulika tundu kwa tochi ya simu yake, akacheka. "Kaka, waya wako mzima. Humu ndani umelima shamba." Akaizima miwani, akachukua kijiti cha meno, akachokonoa taratibu. Kikatoka kipande cha vumbi la begi kilichoshikana kama sufi, na chembe za mchanga wa Shangani juu yake. Hakunitoza hata mia.

Kwa hiyo anza hivi. Waya wa miwani uchomeke kwenye simu ya Taipu C, wa simu uchomeke kwenye miwani. Simu ikila chaji na miwani ikigoma kwa waya wowote, safisha tundu. Waya ukigoma kote, au ukichaji mpaka uukunje shingo, umekatika kwa ndani, huo haufufuki. Ukiona ukijani kwenye ncha, shaba imeliwa na jasho na chumvi. Huku kwetu upepo wa bahari unaingia hadi kabatini, usishangae, ila usiuchomeke tena.

Sasa nyaya zenyewe. Namba moja kwangu ni waya mnene wa Taipu C pande zote mbili, uliofumwa nailoni, usiozidi mita mbili, ulioandikwa wati 60 au ampea 3. Quest 2, miwani ya VR ya kampuni ya Meta, ilikuja na chaja ya wati 10 tu, na Quest 3 wati 18, kwa hiyo hizo 60 hazitaiunguza miwani: inavuta inachohitaji basi. Tazama tu kichwa cha chaja nacho kiwe na tundu la Taipu C, la sivyo utarudi nyumbani na waya usio na pa kuchomeka.

Kama unacheza huku unachaji, ongeza sifa moja: ncha iliyokunjwa pembe. Tundu la Quest liko ubavuni, na ncha iliyonyooka ndiyo hugongwa na kiwiko. Waya ukivunjika hapo una bahati. Likilegea tundu, hiyo ni kazi ya fundi na bei nyingine.

Namba mbili ni ule wa USB ya kawaida kwenda Taipu C, kwa wenye chaja za zamani na powabenki. Polepole, lakini ukilaza miwani usiku utaikuta imejaa.

Namba tatu, wa mita tano, nunua kwa ajili ya kuunganisha miwani na kompyuta tu, na uulize kama unapitisha data, kwa sababu nyaya nyingi za chaji hazipitishi. Chaji ikishuka huku unacheza usiulaumu waya: tundu nyingi za kompyuta hutoa umeme mdogo kuliko miwani inavyokula.

Wa sumaku, ule ambao kichwa chake kinabaki kwenye tundu na waya unanasa hapo kwa sumaku, ninauweka mkiani, chini hata ya ule wa buku mbili wa kwenye meza za barabarani. Ncha zake ziko wazi, sumaku inanasa chembe za chuma, na chembe hizo zikiunganisha ncha mbili, shoti hiyo. Wa buku mbili angalau ukifa unakufa peke yake.

Nenda dukani na miwani yako pamoja na chaja yake, betri ikiwa chini. Chomeka, subiri dakika tano, kisha utikise waya kidogo karibu na ncha huku jicho liko kwenye taa. Ikipepesa, rudisha hapohapo kabla hujapewa chenji.