Hati moja kutoka Shenzhen hadi Kampala: uzoefu wangu

Nilisafirisha kontena la chaja na spika kwa hati moja, yaani mkataba mmoja na kampuni moja inayowajibika kwa safari nzima: meli hadi Mombasa, treni ya SGR (reli ya kisasa ya Kenya) hadi bandari kavu ya Naivasha, kisha lori kupitia mpaka wa Malaba. Ni ghali kuliko kujipangia kila kipande mwenyewe. Hata hivyo kampuni hiyo naipa nyota nne kati ya tano.

Kontena lilifika Kampala na sili (lakiri ya mlango) yenye namba tofauti na ile ya kwenye hati, na ndani katoni kumi hazipo. Ziliibiwa wapi? Hakuna ajuaye. Ningekuwa na mikataba mitatu, wa meli angenituma kwa wa treni, wa treni kwa mwenye lori. Hapa aliyetoa hati ndiye aliyejibu, ingawa hana meli wala lori.

Ila soma mgongo wa hati, kwenye maandishi ya sisimizi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1980 kuhusu usafirishaji wa namna hii haujaanza kutumika hadi leo, kwa kukosa nchi 30 za kuuridhia. Kwa hiyo mengi yanaamuliwa na masharti yaliyochapwa pale. Yangu yalifuata kanuni za 1992 za UNCTAD (chombo cha biashara na maendeleo cha Umoja wa Mataifa) na ICC (chama cha kimataifa cha wafanyabiashara): kikomo cha fidia ni SDR 666.67 kwa kifurushi au SDR 2 kwa kilo ya mzigo uliopotea, yoyote iliyo kubwa. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, na moja inazidi dola.

Pesa yako iko kwenye neno kifurushi. Hati ikitaja idadi ya katoni, kila katoni ina kikomo chake. Ikiandikwa "kontena moja" tu, kontena zima ni kifurushi kimoja, na katoni zangu kumi za kilo 12 zingegawana hizo SDR 666.67. Nilishikilia katoni zihesabiwe kwenye hati. Karani alinuna, akaandika.

Upungufu usioonekana kwa nje unataka taarifa ya maandishi ndani ya siku 6 baada ya kukabidhiwa mzigo. Kesi ifunguliwe ndani ya miezi 9. Mimi nilituma picha za sili siku ileile.

Walilipa, lakini kwa kuzungushwa, mara mkubwa yuko safarini, mara fomu haina muhuri. Nyota iliyokatwa ni ya hapo. Nitawatumia tena, na bima ya mzigo nitaikata kwingine.