Nyanya nilizopanda Bahati misimu mitatu: ipi narudia, ipi imeenda na maji

Niko Bahati hapa nje ya Nakuru, robo ekari ya nyanya, kisima, na pampu ndogo ya petroli ambayo asubuhi lazima uibembeleze ndio iamke. Kila Januari watu wale wale wananipigia "mama, msimu huu nipande gani?" na mimi naeleza mpaka sikio linashika moto, kwa hivyo wacha niandike mara moja niwe namtumia kila mtu hii. Nimepanda aina tano kwa misimu mitatu, nne nje na moja kwa grinhausi ya jirani tuliyolima naye nusu kwa nusu. Mimi si mtu wa agroveti na hakuna mtu amenipa hata pakiti moja ya bure, natamani.

Tuanze na Rio Grande kwa sababu ndio kila mtu anaijua. Ni nyanya ya kichaka, haipandi kamba ukaitafuta juu ya mti, unaisimamisha tu na vijiti vifupi ili isilale kwa matope, matunda yake ni ya umbo la yai hivi, ngozi ngumu, nyama nyingi maji kidogo. Si chotara, yaani si mbegu ya kuchanganya aina mbili, kwa hivyo bei yake haikuumizi, na kwa robo ekari nikiacha sentimita 90 kati ya mistari na 50 kati ya mche na mche inaingia kama miche 2,200, sasa wewe piga hesabu ya mbegu chotara zinazouzwa kwa kuhesabiwa kama dhahabu halafu urudi tuongee. Kitu kilichonifanya niipende ni safari. Broka akichelewa siku mbili, na atachelewa, bado unaikuta kwa kreti imesimama wima kama askari. Msimu wa kwanza broka alipotea siku tatu simu imezimwa, nikabeba kreti nne kwa pikapu ya jirani mpaka soko la Wakulima mjini, barabara ile ya mashimo, na nilizotupa hazikujaza hata nusu ndoo.

Lakini sasa ubaya wake nao niseme. Mvua ya Aprili ikianza kunyesha usiku na asubuhi kuna ukungu, Rio Grande inakuangalia tu inaanza madoa meusi, ile blaiti ya baridi, na ukikosa kupiga dawa siku mbili tatu unaamka shamba limekuwa kama limemwagiwa maji ya moto. Ugonjwa huo ndio ule ule unaochoma viazi, kwa hivyo mtu wa Njoro au Molo mwenye viazi upande huu wa ua na nyanya upande ule anajitafutia presha. Mimi mwaka huo wa kwanza nilikuwa na viazi vya kula nyumbani mistari sita tu pale juu ya shamba. Sita tu! Vikaanza navyo, nyanya zikafuata, nikapiga dawa mpaka nikaanza kuhesabu kama nyanya zinanilea mimi au mimi ndio nazilea. Na ukipiga dawa soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna, ziko kwa karatasi ya chupa, usipige jioni halafu kesho asubuhi unauzia mama mboga, watoto wetu ndio wanakula hizo.

Cal J, hii wengi wanaiita Kamongo. Dada yangu aliolewa Ahero na nilipomwambia kwa simu "napanda kamongo" alicheka mpaka akakata, maana huko kwao kamongo ni samaki wa ziwa, yule mrefu anayekaa kwa matope. Cal J ni fupi kuliko Rio, inaiva mapema kidogo na inaiva karibu zote kwa pamoja, ambayo ni nzuri kama una mnunuzi mmoja anayekuja na lori na ni janga kama unauza kidogo kidogo. Mimi nauza kidogo kidogo. Nilikuwa na wiki mbili za kuvuna kama nimerogwa, halafu kimya, na bei hizo wiki mbili ilikuwa chini kwa sababu nusu ya Bahati tulikuwa tumepanda Kamongo wiki moja. Tunda lenyewe sina neno nalo, gumu, la mraba mraba, linapangika kwa kreti vizuri. Ila mimea ikishabeba majani ni machache na jua likiwaka matunda yanaungua mgongoni yanapata baka jeupe, hapo broka anakata bei na huna la kusema.

Money Maker sitasema mengi. Tamu. Ya mviringo, inavutia, watoto wanaila kama tunda shambani na chumvi. Ngozi yake ni kama karatasi ya chapati, mvua ikinyesha baada ya kiangazi inapasuka, ukiiweka chini kabisa ya kreti inakuwa supu kabla ufike Kiamunyi. Inapanda pia, inataka vijiti virefu na kukatwa vichipukizi kila wiki. Nimebakisha mistari miwili nyuma ya jikoni kwa kachumbari ya nyumbani na hapo ndio kwake.

Sasa Anna F1, hiyo F1 maana yake ni chotara, hii tuliilima na jirani kwa grinhausi yake. Hii haiachi kukua, unaifunga kamba kutoka juu na unaiacha na shina moja au mawili, kila kichipukizi kinachotoka kwapani unakitoa kingali kidogo. Mtu akikuambia amepanda Anna nje bila kamba na anataka ikae kama Rio, mwambie anunue kamba kwanza. Nilichopenda ni kwamba unavuna miezi na miezi, wiki hii ndoo mbili, wiki ijayo ndoo tatu, mama mboga wangu wa Section 58 hakuwahi kukosa. Nilichochukia ni kazi. Kazi ya Anna ni kama ya ng'ombe wa maziwa, huwezi kusema leo nimechoka. Na wakati wa joto jingi ndani ya ile plastiki tulipata minyoo ya mizizi, ile inayofanya mizizi iwe na vinundu kama shanga, na jirani anasema lakini pakiti ina N, inavumilia minyoo! Ndio, ina N, lakini ule uvumilivu unapungua nguvu udongo ukipanda joto kupita kama nyuzi 28, na ndani ya grinhausi isiyofunguliwa madirisha mchana huko ni kuoka mkate. Si mbegu ilidanganya, ni sisi tulifunga madirisha tukiogopa wezi.

Hapo ndio nataka kukaa kidogo, kwa hizo herufi za pakiti zinazosema mbegu inavumilia nini, kwa sababu ndizo zilimfilisi dada yangu na hakuna mtu wa dukani aliyemweleza.

Dada alinunua mbegu iliyoandikwa VF. Muuzaji akamwambia hii inavumilia mnyauko, na kusema kweli hakudanganya, V ni mnyauko mmoja na F ni mwingine, yote miwili ya ukungu, si ule wa asubuhi, ni kuvu. Akapanda pale Ahero, udongo mweusi ule unaoshika maji, jua la Kano unalijua, nyanya zikakua vizuri sana mpaka akanitumia picha za kunitia wivu. Zilipoanza kutoa maua, mchana mmoja mche mmoja ukalala, majani bado kijani kabisa, jioni ukainuka, kesho ukalala moja kwa moja. Baada ya wiki ni mstari, baada ya wiki mbili ni shamba. Shemeji akanipigia, "Shem, hizi nyanya za kwenu zimelewa?" Nikamwambia kata shina karibu na mzizi, chukua glasi ya maji safi, shikilia kile kipande kikiwa kimening'inia ndani ya maji bila kutikisa, ungoje dakika chache. Akaniambia kunatoka nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka chini. Basi. Huo ni mnyauko wa bakteria, hauna uhusiano na V wala F, unapenda udongo wa joto na maji, na hakuna dawa ya kupiga itakayoutoa. Ule wa ukungu kwanza haukimbii hivyo, majani yanaanza njano kutoka chini, mara nyingi upande mmoja, na ukipasua shina unakuta rangi ya kahawia ndani, na maji ya glasi yanabaki maji.

Wakang'oa zote. Alikuwa ametumia pesa ya chama, sitasema ngapi, bado tunalipa polepole na yeye hapendi izungumzwe. Na kile kilichomuuma zaidi ni kwamba msimu uliotangulia hapo palikuwa na osuga, managu sisi tunaita, na managu, biringanya, pilipili, viazi, nyanya, hao wote ni ukoo mmoja na wanaambukizana. Hakujua, nani angemwambia. Sasa hapo pana mahindi na sukuma, na hao bakteria wanaweza kukaa udongoni miaka, pia wanasafiri na maji ya mtaro yakitoka shamba la juu, kwa hivyo hata ukibadilisha mbegu na bado unamwagilia maji ya jirani mgonjwa ni kazi bure. Msimu huu anajaribu chotara iliyoandikwa wazi kwamba inavumilia mnyauko wa bakteria, miche hamsini tu, kwa matuta yaliyoinuliwa, upande mwingine kabisa wa boma. Hamsini. Mimi ndio nilimlazimisha, yeye alitaka elfu. Na kuvumilia si kukataa ugonjwa, ni kwamba utachelewa kufa au hutakufa wote, hiyo nayo aliielewa kwa shida.

Kwa hivyo ukienda agroveti usiangalie ile picha ya nyanya inayong'aa, geuza pakiti. V na F nimeeleza, N ni minyoo ya mizizi, TYLCV ni ile virusi ya majani kujikunja njano inayoletwa na inzi weupe, na ukiona mche wako umedumaa juu kama kabichi umeshaipata hiyo virusi. Halafu angalia stika ya KEPHIS, wale wa serikali wanaokagua mbegu, kwangua, tuma ile namba kwa SMS ukiwa bado umesimama kaunta, si ukiwa umefika nyumbani. Kuna duka moja niliuziwa "Rio Grande" iliyopimwa kwa kijiko kutoka mkebe uliofunguliwa, bei nzuri kweli, na shambani ikaota Rio, zikaota za mviringo, zikaota zingine ndefu zinapanda ua, harusi ya watu watatu. Nikirudi kulalamika naulizwa risiti iko wapi. Sikuwa nayo, na hiyo ni yangu mwenyewe kumeza.

Na tafadhali usikaushe mbegu ya chotara uipande tena. Nilifanya na Anna. Zikatoka kila moja na tabia yake kama watoto wa mama mmoja na baba wengi, nyingine zilizaa vinyanya vya ukubwa wa zabibu. Mbegu ya Rio au Money Maker unaweza kukamua na kukausha, hizo zinarudi zilivyo.

Kuhusu Tuta, yule kiwavi aliyeingia Kenya mwaka 2014 na hajawahi kuaga, kati ya hizi tano zangu hakuna iliyomzuia, asikudanganye mtu. Zote alizila. Kwangu beseni la maji ya sabuni na kile kidonge kinachovuta madume juu yake vinafanya kazi nzuri ya kunijulisha amefika, halafu naokota majani yaliyochorwa chorwa nayachoma, halafu ndio dawa, na nabadilisha dawa maana akizoea moja anaifanya mboga.

Aina ya tano ni chotara moja ya nje ambayo sitataja, kwa sababu miche niliinunua naseri na hadi leo sina uhakika kama ndiyo niliyoambiwa, na kuharibia mbegu jina kwa kosa la mwenye naseri si haki. Tangu hapo naotesha mwenyewe kwa trei, wiki nne hivi, wiki ya mwisho napunguza maji na kuitoa juani ikomae shingo.

Uamuzi wangu msimu huu: Rio Grande robo tatu ya shamba, naipanda kwa mafungu mawili wiki tatu mbali ili nisivune yote siku moja. Robo inayobaki ni chotara ya kichaka yenye herufi za kuvumilia TYLCV kwa pakiti, kwa sababu mwaka jana inzi weupe walinitembelea Februari na sitaki tena. Cal J hapana, mpaka nipate mtu wa lori. Anna nitarudi jirani akikubali madirisha yafunguliwe, tumeongea, anasema atanunua mbwa. Viazi vya kula nyumbani nitanunua soko.

Kama uko Kisumu, Nyando, Busia huko kwa joto, usinakili hii yangu ya Bahati. Huku adui wangu ni baridi na ukungu, huko adui yuko chini ya udongo. Muulize jirani nini kilikufa shambani kwake na kilikufa vipi, kikiwa kijani au kikiwa njano, halafu ndio uende dukani.

Trei zangu nimezisia juzi, ziko barazani chini ya neti, na paka ameshalala kwa moja. Hiyo ya paka ndio ya chotara, bila shaka.