Nilipeleka paka, nikaulizwa mchuzi

Duka lenyewe la dawa za mifugo ni kachumba tu, jirani na soko mjini Mtwara: mifuko ya pumba mlangoni, vifaranga wanalia kwenye boksi, chanjo ya mdondo ndani ya friji. Ukifika adhuhuri utakuta limefungwa. Nilingoja barazani dakika 40, Shombo yumo kikapuni.

Shombo ni paka wangu. Dagaa wakavu hataki, anataka mchuzi: nguru, nyanya, vitunguu maji viwili, swaumu ya kutwanga. Kila jioni nilikuwa namwagia wali wake ule uliobaki sufuriani. Wiki ile akajikunja chini ya kitanda, hataki kula, fizi zimempauka, mkojo kama chai ya rangi. Nikadhani homa. Nilishakata nusu ya paracetamol nimpe, moyo ukasita, nikapanda bajaji kutoka Mikindani.

Kijana anayetibu pale dukani hakukimbilia sindano. Alimfunua mdomo, akabonyeza fizi, akaniuliza, "Mama, nyumbani mnapika nini?" Nikacheka. Nilipotaja vitunguu akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba kitunguu, maji kwa swaumu, huvunja chembe nyekundu za damu ya paka. Kukipika hakuondoi sumu, na kidogo kidogo cha kila siku hujilimbikiza athari. Na ile paracetamol? Akatikisa kichwa: hata kipande kinaweza kumuua. Nilinyamaza.

Alimwekea maji chini ya ngozi, akasema wazi kwamba hakuna dawa ya kufuta kitunguu, kazi ni kumpa nguvu damu irudi, na akizidi kupauka nimrudishe hata usiku. Zabibu kavu za pilau akazikataza, na chokoleti. Maziwa ya ng'ombe akasema paka wengi huwaharisha, nami nilikuwa najiona mwema kwa kikombe kile cha asubuhi!

Nililipa shilingi 15,000, bila risiti mpaka nilipoidai. Chakula cha paka msinunue hapo: mfuko uko wazi, wanapima kwa kopo, kinanuka mafuta ya zamani. Kwa kijana yule natoa nyota nne.

Shombo anakula tena. Namchemshia samaki wake mtupu kabla sijakaanga kitunguu, naye anamnusa samaki, ananitazama, halafu anakwenda kukaa mlangoni kwa jirani.