Mbegu za pasheni ya manjano: pakiti nazisifu, wavu wake hapana

Nilinunua mbegu za pasheni ya manjano, pamoja na wavu wa plastiki wa kupandishia, kwenye duka moja la pembejeo Malindi, nikaja navyo Lamu.

Kuuza ya manjano wamefanya la maana. Ya zambarau imezoea baridi ya bara, joto la pwani huishinda. Hii hustahimili joto na ugonjwa wa mnyauko pia, ndiyo maana wakulima wa bara hupandikiza ya zambarau juu ya shina lake.

Nilizilowesha mbegu usiku kucha, nikazitia kwenye vikopo vya mchanga na samadi kuukuu ya punda (Lamu hiyo hukosi). Ziliota kwa mafungu, nyingine nikiwa nishazikatia tamaa. Mbegu za pasheni zikikaa sana huwa hivyo, na pakiti haikuandikwa tarehe yoyote. Waandike.

Jirani alinicheka: ya nini mbegu, na vipande vya tawi ni bure? Lakini vipande vya mmea mmoja ni mmea uleule, na pasheni ya manjano kwa kawaida haizai kwa chavua yake yenyewe. Utabaki na maua ya kutazama. Miche ya mbegu hutofautiana, hivyo hupeana chavua. Ua hufunguka mnamo adhuhuri, na kazi hiyo huifanya nyuki wale wakubwa weusi watoboao boriti. Siku wasipoonekana, nikitoka kuswali nashika brashi mwenyewe, natoa mche huu napeleka ule.

Sasa wavu. Mche mchanga hutoa vikono vya kujisokotea kwenye kitu chembamba, na wavu wenye matundu madogo huvipa pa kushika kila mahali. Matawi yakafumana, kupogoa hakuwezekani. Kusi ilipoanza, wavu ukapepea na kuchubua mashina. Nikaung'oa. Kila mche sasa una ufito wa mkoko, umefungwa kwa kamba ya makumbi, ikilegea kidogo ili shina lipate kunenepa. Nguzo nene haifai, kikono hakiizunguki. Naacha shina moja lipande, vichipukizi vya ubavuni natoa; likifika kwenye waya wa juu nalikata ncha, matawi yatambae huku na huku.

Mbegu nyota nne. Wavu moja, na hiyo ni kwa sababu sasa nafunikia matuta ya mchicha, kuku wasichakure.