Oili ya gari kwa barabara za Mbeya na Iringa: nazipanga kutoka ya kwanza hadi ya mwisho

Ingia duka lolote la spea Mwanjelwa uulize oili ya Toyota IST. Swali la kwanza litakuwa bei unayoitaka, na ukisita kidogo ushauri unakuja bure: "Chukua nzito kaka, hizi gari zimeshatumika Japani." Napingana na ushauri huo. Injini iliyotengenezwa kwa 5W-30 ipewe 5W-30, hata kama imetembea sana, mpaka yenyewe ionyeshe kwa moshi au kwa kijiti cha kupimia kwamba inahitaji kitu kingine.

Namba zinasema nini

Namba ya kwanza, ile yenye W, inaeleza tabia ya oili ikiwa baridi. Ya pili inaeleza tabia yake injini ikishapata moto, kwenye nyuzi 100. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito.

Huku kwetu watu wanaikuza sana baridi. Ukweli ni kwamba baridi ya Juni na Julai, ile inayowafanya watu wa Uyole wavae makoti mawili, kwa oili ni jambo dogo. Oili ya 20W hupimwa kama pampu inaweza kuisukuma kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na ya 5W kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri. Hata Kitulo, ambako asubuhi nyingine majani yanaamka na barafu nyeupe, hakufiki huko. Kwa hiyo 20W-50 haitaganda Mbeya, na gari litawaka.

Kinachosumbua ni muda. Kwenye nyuzi 40 mnato wa 5W-30 ya kawaida uko kama 65 kwa kipimo cha maabara, wakati wa 20W-50 unapita 160. Shusha joto hadi nyuzi nane za asubuhi na 20W-50 inakuwa nzito zaidi ya mara tatu ya mwenzake. Pampu inavuta uji mzito wakati kemshafti iko juu inasubiri, na hizo sekunde za kusubiri ndizo zenye ile sauti ya tiktiki unayoisikia gari likiwashwa alfajiri. Injini za VVT-i, zilizomo kwenye Toyota nyingi kama hiyo IST, zina shida ya ziada: zinatumia shinikizo la oili hiyohiyo kubadilisha muda wa valvu, kupitia vijia vyembamba na kichujio kidogo sana. Ukiipa oili nzito kuliko ilivyopangiwa, mfumo huo unaitikia kwa uvivu, na petroli unalipia wewe.

Kwetu kazi kubwa ya oili iko kwenye milima. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ukipanda mlima wa Kitonga na watu watano na magunia mawili ya viazi, unakanyaga zaidi, injini inazunguka zaidi, joto linapanda. Hapo namba ya pili ndiyo inayofanya kazi. Kinachotakiwa ni oili inayofika juu haraka asubuhi na isiyogeuka maji mlimani, yaani namba ya kwanza ndogo na ya pili inayolingana na injini yako.

Herufi kabla ya bei

Kabla hujabishana kuhusu uzito, geuza dumu utafute herufi za API, zinazoonyesha daraja la ubora wa oili. Zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. SF haifai injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988. SG mwisho wake ni 1993. SJ ilikusudiwa injini za 2001 kurudi nyuma, SL za 2004 kurudi nyuma, SM za 2010 kurudi nyuma. SN ilifuata, na SP imekuwapo tangu 2020. Herufi mpya inafaa injini ya zamani, lakini ya zamani haifai injini mpya.

Sasa fikiria: IST ilianza kutengenezwa 2002. Dumu la SF linalouzwa kwa bei ya kutupa, limeandikwa "kwa magari yote", lilipangiwa magari ambayo wengi wetu tuliyaona tukiwa watoto. Ningechukua 10W-40 yenye SN kuliko 5W-30 yenye herufi zisizosomeka.

Mpangilio wangu

1. 5W-30 sintetiki, SN au SP. Hii ndiyo ya IST, Vitz, Raum, Spacio ya 1.5, Premio, Allion na ndugu zao. Mara nyingi namba imeandikwa kwenye kizibo cha kujazia oili. Fungua boneti usome kabla ya kwenda dukani. Kasoro yake ni bei, na pia ukienda Makete au Ludewa huenda usiipate kirahisi, kwa hiyo nunua mjini ubebe. Fundi akikwambia ni "maji", mwambie aiweke hivyohivyo. Wepesi wake uko asubuhi; injini ikipata moto, 30 ni 30.

2. 10W-40 nusu sintetiki, SL kwenda juu. Hii ni ya gari lililoanza kula oili. Injini za 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo ya 2000, zile za Spacio na Allion za 1.8, zinajulikana kwa tabia hiyo, na 2AZ-FE za kati ya 2006 na 2011 pia. Lakini usikimbilie uzito kabla ya kuchunguza. Angalia kwanza kama kuna kuvuja. Kisha mwambie fundi akague valvu ya PCV, inayotoa hewa chafu ndani ya injini, kidude cha bei ndogo ambacho kikiziba injini inaanza kunywa oili. Toyota yenyewe kwenye vitabu vyake huvumilia hadi lita moja kwa kilometa 1,000. Mtu aliyepunguza nusu lita kati ya huduma mbili hana ugonjwa.

Kuna kipimo cha bure ambacho sisi tunacho na wa Dar hawana. Shuka Kitonga kwa gia ndogo bila kukanyaga mafuta, kisha ukifika chini kanyaga huku ukitazama kioo. Wingu la bluu likitoka mara moja halafu likakata, sili za valvu zimechoka, kwa sababu wakati wa kushuka injini inavuta oili kupitia kwenye valvu. Moshi ukiendelea hata unapopanda, ni ringi za pistoni. Kwa sili, 10W-40 itakupa nafuu. Kwa ringi zilizoisha itakuchelewesha tu kwenda kwa fundi.

3. 15W-40 ya dizeli, CH-4 au CI-4. Ukiwa na Hiace, Hilux au Prado ya dizeli, au Canter, kwako hii ndiyo ya kwanza. Nimeiweka ya tatu kwa sababu wasomaji wengi wana petroli. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku chache baada ya kumwagwa mpya. Ni masizi inayoyabeba, ndiyo kazi yake, kwa hiyo usimwage kwa kuogopa rangi. Dizeli mpya zenye chujio la masizi kwenye ekzosi zinataka oili yao maalumu ya majivu machache, na kitabu cha gari kitaitaja.

4. 0W-20. Inunue kama tu kizibo au kitabu kinaitaka: Aqua, Prius za karibuni, Vitz mpya. Ukiikosa, tazama kwenye kitabu cha gari ni ipi nyingine inayoruhusiwa. Kwa gari la zamani usiiweke kwa kudhani nyepesi zaidi ni bora zaidi.

5. 20W-50. Ina kazi yake. Land Rover ya zamani, injini ya kabureta, gari la shamba linaloishi kwenye joto la Kyela: sawa. Kwa VVT-i inayolala nje Njombe, hapana.

6. Namba 40 isiyo na W, na oili ya kupima kutoka kwenye pipa. Ya kwanza ni nzito sana asubuhi zetu. Ya pili hujui nani aliimimina wala lini. Ziache zote mbili.

Mwenye bodaboda asiibe dumu la 5W-30 la gari la baba. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili za gari za kubana matumizi ya mafuta zinaweza kuifanya iteleze. Tafuta iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya aina hiyo.

Kiasi

Injini ya 1NZ-FE, inayoendesha IST nyingi, inachukua lita 3.7 ukibadilisha filta, na 3.4 usipoibadilisha. Dumu la kawaida ni lita nne. Kuna fundi anayemimina lote kwa sababu umeshalilipia, na hapo ndipo matatizo yanapoanza: oili ikizidi sana, kranki inaipiga hadi inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Mimina lita tatu na nusu, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano, pima, kisha malizia kidogokidogo. Kwa magari mengi madogo kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja, kwa hiyo ukiwa katikati huna haraka ya kuongeza. Dizeli za Hilux na Prado ni habari nyingine, nyingi zinakwenda lita sita hadi saba na kitu, kwa hiyo uliza bei kwa lita na si kwa dumu.

Pima gari likiwa tambarare. Linaonekana jambo dogo, lakini kwa nyumba zilizo miguuni mwa mlima Loleza au mitaa ya Gangilonga, kupata sehemu iliyonyooka ni kazi. Gari likiinama mbele, kijiti kinadanganya. Pimia kituo cha mafuta, ukishazima na kusubiri zile dakika tano.

Kuhusu kilometa, oili ya kawaida naimwaga kwenye 5,000. Sintetiki inaweza kwenda 10,000 kwa anayesafiri njia ndefu, lakini gari la kutoka Mwanjelwa hadi Sokomatola na kurudi halipati moto wa kutosha kukausha unyevu na petroli inayoingia kwenye oili. Kwa gari hilo, 7,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Ukifungua kizibo wakati wa baridi ukakuta utandu wa rangi ya maziwa, tazama na kijiti. Kijiti kikiwa safi, ni unyevu wa safari fupi. Nacho kikiwa na maziwa, usiwashe tena gari. Huenda maji ya rejeta yameingia kwenye oili.

Fundi akitaka kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa kabla ya kuweka mpya, mkatalie. Mabaki yanabaki ndani na kuipunguza nguvu oili uliyoinunua kwa gharama.

Feki

Sili ya kizibo iwe nzima, namba ya toleo isomeke na isifutike kwa kidole, na maandishi yasiwe na makosa ya tahajia. Bei ikiwa chini sana kuliko maduka matatu ya jirani, ondoka. Kuwa pale inapofunguliwa. Oili chafu mwachie fundi akitaka, ana wateja wake wanaoipaka kwenye nguzo na mbao dhidi ya mchwa. Dumu usimwachie likiwa zima: likiisha, litoboe kitako hapohapo gereji, maana dumu zuri lenye kizibo chake lina mtu anayelisubiri alijaze.