TAHADHARI: Tapeli wa vigarimoshi vya "Bing", mimi nimeshapigwa

Jamani, nimeingizwa mjini. Mimi! Mimi ninayewapigia kelele kila siku, "pindua kwanza uangalie chini." Haya, chekeni mmalize.

Yule jamaa hakuniambia anauza Bing, vile vigarimoshi vya kale vya kuchezea vya Kijerumani tunavyovisaka sisi wakusanyaji, na hapo ndipo aliponiweza. Alikuja kwa adabu zote: "Shikamoo mkubwa, nimekuta kigarimoshi cha mvuke kwenye sanduku la marehemu babu, sijui hata kama kina maana, naomba unisaidie kukitambua." Picha tatu, zote gizagiza. Kisha ikaja video fupi: mkono umeshika kitambaa, unafuta taratibu ubavuni, vumbi linaondoka, chini yake zinajitokeza herufi moja moja. G. B. N. Akauliza, "Hili ni jina la mwenyewe?"

Moyo ulinipiga paa. GBN ni Gebrüder Bing wa Nürnberg, na hao ndio waliomtengenezea Bassett-Lowke, muuzaji wa treni ndogo wa Northampton, Uingereza, kile kigarimoshi kiitwacho Black Prince mwanzoni mwa miaka ya 1900. Rangi nyeusi, magurudumu manne madogo mbele, manne makubwa nyuma, upana wa reli 45 mm. Kila nilichomwambia apime kilikubali. Tena baada ya Vita Kuu ya Kwanza alama yao ikawa BW, kwa hiyo GBN ikazidi kunipandisha wazimu. Nilijiuliza mwenyewe nikajijibu mwenyewe. Yeye kazi yake ilikuwa kuitikia tu, "Kumbe!"

Na aibu yenyewe ni hii: nilidhani mimi ndiye ninayemlalia. Nikamwambia ni kitu cha kawaida tu, ila nitamchukulia kwa kuwa babu ni babu. Hela yote nikaituma usiku uleule asije akastuka. Na nilikuwa nimeapa silipi kabla sijashika kitu mkononi. Kiapo chote kikayeyuka kwa herufi tatu.

Kifurushi kimefika juzi. Nikakipindua. Tumboni, pale silinda zinaposhikiliwa, skrubu ya nyota. Nikavua miwani, nikafuta, nikavaa tena. Nyota! Skrubu hizo zimeingia viwandani miaka ya 1930, wakati Bing wenyewe wameshafilisika. Nikajifariji kwamba labda kuna fundi alikirekebisha zamani. Nikachukua bisibisi, zote nne zikatoka laini bila hata kulia, na chuma kilichokuwa chini yake kinang'aa kama kijiko kipya. Nikanusa boila: dawa ya viatu. Uzee wote ule ni dawa ya viatu! Nikachungulia kibatari kinapokaa, hakuna hata chembe ya masizi. Maskini hakijawahi kuonja moto. Na zile herufi, ukizitazama kwa lenzi, zimegongwa juu ya rangi iliyokwisha kukauka, pembeni imepasuka kama ganda la yai.

Mtu wa namna hii afungwe. Afungwe, na huko ndani apewe msasa na injini halisi ya reli iliyooza, asugue kutu mpaka aone chuma. Faini haitoshi, faini atailipa kwa hela zangu! Na wanaomsafishia njia kwa kusema "ni muungwana huyu" nao wamo, nimewaona.

Dalili zilikuwepo, mimi ndiye sikutaka kuziona. Nilipoomba picha ya chini alisema simu inaisha chaji, halafu video akaweza kuituma. Akaunti mpya. Babu ana sanduku lakini hana hata picha moja. Na anakuacha wewe utaje jina la kiwanda ili baadaye aseme hakudai chochote, jibu alilonipa jana kabla ya kunifungia.

Bado yuko kazini. Leo asubuhi mwenzetu mmoja kanionyesha video aliyotumiwa: kitambaa kilekile, kidole kilekile chenye kovu, safari hii kinafuta vumbi zinatokea G na M, alama ya Gebrüder Märklin, kiwanda kingine cha Kijerumani cha treni za kuchezea.